Kujitolea Kutafuta na Kuokoa Waliopotea Nyikani: Kwa Nini Tunaanza na Majina

Mtu akipotea porini, habari husambaa kwenye simu kabla kikosi hakijafika. Baada ya saa mbili tatu magari yamejaa pale njia inapoanzia: majirani, wafanyakazi wenzake, na watu wasiomjua kabisa waliosukumwa na huruma tu. Wengi wao tunawarudisha. Hapo ndipo malalamiko huanza: kwamba tunaringa, kwamba hatutaki msaada, kwamba "mtu anakufa huko, ninyi mmekaa mnaandika majina". Kwa kuwa malalamiko hayo yamezidi, na kwa kuwa mwandikaji wa majina ni mimi, nimeombwa nieleze utaratibu.

Niseme mapema kwamba hatumkatazi mtu kujiunga. Katika nchi nyingi kazi hii inategemea watu wa kujitolea: fundi, mwalimu, mstaafu, mwanafunzi, wasiolipwa na mara nyingi wanaojinunulia viatu na tochi. Tunachokikataa ni mtu kujituma mwenyewe. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Eneo la utafutaji hugawanywa vipande kwenye ramani. Kila kipande hupewa makadirio mawili: uwezekano kwamba aliyepotea yumo, na uwezekano kwamba timu iliyopita pale ingemwona kama angekuwemo. Hesabu hii ilijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la majini la Marekani lilipokuwa likisaka nyambizi, na mpaka leo ndiyo inayoamua timu ipelekwe wapi. Timu ikirudi na kusema "tumepita, tulikuwa sita, tuliachana mita ishirini, kichaka kilikuwa kizito", taarifa hiyo ina thamani hata kama hawakuona kitu. Watu kumi wasioandikishwa wakipita palepale, kwetu sisi eneo hilo halijapitiwa. Hatujui walitembea wapi wala walitazama nini, hivyo tutapeleka timu upya. Jasho lao lote halikuingia popote.

Kuna hasara nyingine inayoonekana kwa macho. Usiku tunatafuta nyayo kwa kulaza tochi karibu na ardhi, mwanga ukimulika ubavuni. Udongo uliokuwa tambarare kabisa mchana unatoa vivuli: kisigino kilipochimba, soli ilipoteleza, aliposimama akageuka. Ukizipata nyayo mbili safi zinazofuatana unapima urefu wa hatua, unajua wapi pa kupiga magoti kuutafuta wa tatu. Sasa weka juu yake viatu vya marafiki ishirini waliokuja kusaidia. Mbwa naye ana shida zake. Anahitaji kitu chenye harufu ya mtu huyo peke yake, kwa mfano foronya aliyolalia. Mara nyingi familia hutuletea shati lililofuliwa, au lililokwisha kupita mikononi mwa ukoo mzima. Kitu chenye harufu yake msikiguse, tuonyesheni kilipo tukichukue wenyewe.

Sasa utaratibu wa kituoni. Ukiitwa, unafika kwanza kwenye daftari, si kwa rafiki yako aliye kwenye timu, wala si kwa familia kutoa pole. Unaandika jina, saa ya kufika, namba ya simu, namba ya gari na mahali ulipoliegesha. Unapangiwa timu, na jina lako linahamia kwenye karatasi ya timu pamoja na chaneli ya redio, eneo na saa ya kutoka. Timu ikirudi inatoa taarifa, karatasi inafungwa. Kisha, na hapa ndipo watu huchoka, unarudi kwenye daftari lilelile na kusaini kutoka. Asiyesaini kutoka anahesabiwa kuwa bado yuko porini. Hakuna "lakini nilimwambia fulani".

Niliwahi kurudi mlimani na wenzangu saba tukimtafuta mwenzetu mmoja ambaye jina lake lilikuwa bado wazi. Gari lake halikuwepo, lakini hilo halikututuliza, kwa sababu lingeweza kuwa limechukuliwa na mtu wa kwao. Kulipokucha ikajulikana amelala nyumbani, simu kaizima. Aliyepotea mwenyewe alikuwa amepatikana jioni, mzima.

Kwa hiyo adhabu zipo, na tunazitumia. Kwetu, kusahau kusaini mara ya kwanza ni onyo la maandishi. Mara ya pili unasimama kuitwa mpaka urudie mafunzo ya msingi. Mara ya tatu jina linafutwa. Kutoka nje ya eneo ulilopangiwa bila kuomba ruhusa kwa redio huanzia kwenye kusimamishwa moja kwa moja, hata kama huko ulikokwenda ulikuta dalili. Kupiga picha ya majeruhi au marehemu na kuirusha mtandaoni hakuna onyo: unaondoka siku hiyohiyo. Sitaki kueleza familia inavyojisikia inapopata msiba kwa picha kabla hatujawafikia. Na eneo likishafungwa na polisi, kuingia bila ruhusa si suala la kikosi tena, ni suala la sheria ya mahali husika.

Wengine hudhani tunatafuta mashujaa wenye mapafu. Huja na medali za mbio ndefu na kuuliza mbona wanasubirishwa. Mkimbiaji anapita. Mtoto mdogo aliyepotea mara nyingi hujificha, na akisikia mgeni anapaza sauti anaweza kukaa kimya kabisa akidhani atakemewa. Mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huwa anaendelea tu mbele mpaka kichaka kimkwamishe, na akiitwa jina haitiki. Hao hawapatikani kwa kasi. Wanapatikana na mtu anayepiga hatua chache, anainama, anachungulia chini ya kichaka, kisha anageuka kutazama nyuma, maana kilichofichwa na gogo upande mmoja huonekana upande wa pili. Mnaita, halafu wote mnanyamaza. Kunyamaza kunashinda watu wengi.

Nguvu itahitajika baadaye, kwenye machela. Hubebwa na watu sita kwa wakati mmoja, na kwenye njia mbovu sita hao wanahitaji wa kuwapokea baada ya mwendo mfupi tu. Mgonjwa mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu anaweza kumaliza kikosi kizima kwa usiku mmoja.

Kuhusu ramani, kila mwombaji anasema anaijua kwa sababu ana simu. Naomba asome hapa taratibu. Redio inataja mahali alipo mgonjwa: "dakika thelathini nukta hamsini". Hizi si dakika za saa, ni sehemu za digrii kwenye ramani: digrii ina dakika 60, dakika ina sekunde 60. Hizo ni dakika thelathini na nusu, yaani dakika 30 na sekunde 30. Mwandishi akiandika dakika 30 na sekunde 50, amekosea kwa sekunde 20. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31. Helikopta imepelekwa zaidi ya mita 600 kutoka alipo mgonjwa, pengine ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana tunataja kwanza mfumo wa namba hizo, kisha tarakimu moja moja, kisha msikilizaji anazirudia. Inachosha. Mtaizoea.

Na jamani, hakuna kusubiri saa 24 ndipo utoe taarifa kwamba mtu hajarudi! Sijui nani aliyeanzisha jambo hili. Kila saa inayopita inaongeza ukubwa wa duara tunalopaswa kulipekua. Pigeni simu mapema. Akirudi mwenyewe, tutarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Anayetaka kujiunga ajue kwamba vikosi vingi huweka kipindi cha majaribio cha miezi sita hadi mwaka. Utafanya huduma ya kwanza, redio, dira, kulala nje bila hema, na ukaguzi wa rekodi ya jinai, kwa sababu utaingia chumbani mwa watu na kubaki peke yako na watoto wao. Asiyeweza kupanda mlima asijiondoe: mtunza redio, mchora ramani na dereva ni watafutaji, na hao ndio tunaowakosa zaidi.

Fomu ni fupi. Sehemu ya mwisho inauliza nani apigiwe simu iwapo wewe mwenyewe hutarudi. Wengi huiruka. Fomu yenye nafasi hiyo wazi hatuipokei.