Atoli ni nini? Tuvalu kama mfano

Atoli ni pete ya miamba ya matumbawe inayozunguka bahari ya ndani, yenye maji matulivu. Juu ya pete hiyo mawimbi hurundika mchanga na vipande vya matumbawe yaliyokufa, na rundo hilo ndilo nchi kavu: visiwa vyembamba vilivyotenganishwa na milango ya maji. Funafuti, makao makuu ya Tuvalu katika Pasifiki, ni atoli kamili. Bahari yake ya ndani ina takribani kilomita za mraba 275, ilhali nchi kavu ni kama 2.4 tu. Taifa zima lina visiwa 9 na kilomita za mraba 26 hivi. (Si vyote 9 ni atoli, Niutao, kwa mfano, ni kisiwa kimoja kilichokaa juu ya mwamba wake.)

Pete ilitoka wapi? Charles Darwin alieleza mwaka 1842 kwamba mlima wa volkano hudidimia polepole, huku matumbawe ya kandokando yakijijenga kwenda juu, kwa kuwa hayastawi pasipofika mwanga. Mlima hutoweka, ukingo ukabaki. Kati ya 1896 na 1898 watafiti wa Uingereza walichimba Funafuti kuutafuta mlima huo. Walipita mita 300, wakaambulia chokaa tupu, yaani mwamba unaotokana na matumbawe. Ni mwaka 1952, huko Enewetak katika Visiwa vya Marshall, ndipo kekee ilipogonga jiwe la volkano, zaidi ya mita 1,200 chini.

Kwenye atoli mito hakuna. Mvua hupenya mchangani, na maji yake, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Watuvalu huchimba mashimo hadi kwenye tabaka hilo na kupanda pulaka, zao la jamii ya magimbi.

Kwa hiyo wanaosema tu kwamba Tuvalu "itamezwa na mawimbi" wanaruka jambo kubwa. Ni kweli hakuna mahali panapofika mita 5 juu ya bahari. Lakini chokaa ina matundu, na maji ya bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) hububujika kutoka ardhini, katikati ya kisiwa, na kutia chumvi mashimo ya pulaka. Ukuta wa ufukweni hauzuii maji yanayopanda kwa chini. Ndiyo maana Funafuti wameamua pia kuinua ardhi yenyewe: mchanga umefyonzwa kutoka bahari ya ndani na kujazwa kando ya Fongafale, kisiwa kikuu cha atoli hiyo, ukazaa kama hekta 7 za ardhi mpya iliyo juu zaidi.