Presha ikishuka, usiache vidonge
Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu: vidonge vya presha vinaua figo, kwa hiyo presha ikishuka acha, tafuna kitunguu saumu.

Si kweli. Presha imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, kwa kawaida hupanda tena. Kinachoharibu figo mara nyingi ni presha yenyewe isiyodhibitiwa. Mkanganyiko unaeleweka: malaria tunameza dozi siku 3, tunapona, tunasahau. Presha haiendi hivyo, na mara nyingi haina dalili. Mtu anapandisha mlima na gunia la viazi akijiona mzima, kumbe kipimo kinasoma 170 kwa 100.

Kuhakiki ni kupima. Keti utulie dakika 5, pima, andika namba kwenye daftari, nenda nalo zahanati. 140 kwa 90 au zaidi, ikijirudia, ni presha ya juu. Dawa ikikuletea kikohozi au kizunguzungu, mwambie daktari akubadilishie. Aina zipo nyingi. Kitunguu saumu tuungie mboga, ila hakishiki nafasi ya kidonge.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Shangazi yako anaweza kuusoma usiku, na asubuhi asimeze dawa yake.