Kishika uchumba cha riwaya

Wiki iliyopita kijana mmoja alinikuta Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kahawa ya jioni, akanipa shikamoo, akaketi. "Kaka, nimepata hadithi kali ya kufanyia filamu." Nikamuuliza ni ya nani. Akanitajia jina la riwaya. "Nimekuuliza ya nani, sijakuuliza inaitwaje." Akasema ni yake, ameinunua, iko nyumbani. Shilingi 12,000.

Sikumcheka, maana na mimi nilianzia hapohapo. Ukinunua kitabu umenunua karatasi na wino. Haki ya kuigeuza hadithi iwe filamu au tamthilia ni mali nyingine kabisa, na kazi yangu ndiyo hiyo: kuisaka ilipo, kumjua mwenyewe, kisha kuandaa mkataba ambao prodyuza anaweza kuuweka mbele ya mfadhili bila kuona haya.

Hadithi zenyewe si tabu kuzipata. Ziko riwaya pendwa kwenye meza za vitabu vya mtumba, ziko hadithi za mfululizo za magazeti ya zamani, iko michezo ya redio, na siku hizi wapo waandishi wanaouza sehemu moja moja kwenye magrupu ya WhatsApp: unatuma pesa kwa simu, unaingizwa. Hao nawapenda sana. Mtu anayelipwa na wasomaji mia mbili ili tu wajue kesho kitatokea nini, soko ameshalipima mwenyewe. Tena yu hai, na simu anapokea.

Ukishaipenda hadithi, usikimbilie kuinunua. Toa kishika uchumba. Wenzetu wa nje wanakiita opsheni, na maana yake haiko mbali na ya ukweni. Unalipa kiasi kidogo, mwandishi anafunga mlango kwa wachumba wengine kwa muda mliokubaliana, mara nyingi miezi 12 hadi 18, na mnaweza kuongeza. Ndani ya muda huo unaandika skripti na kutafuta pesa. Zikipatikana, unatoa mahari yenyewe, yaani bei ya ununuzi, na kwa desturi kile kishika uchumba cha kwanza kinakatwa humo. Zisipopatikana, haki zinarudi kwa mwenyewe na ulichotoa hakirudi. Huko ambako filamu ni kiwanda, kishika uchumba huwa kama asilimia 10 ya bei, na bei yenyewe hupigiwa hesabu ya asilimia 2 hadi 3 ya bajeti, ikiwekewa kima cha chini na cha juu. Huku kwetu hatuna desturi iliyokaa, mnapatana. Lakini bei ya mwisho iandikwe siku ileile ya kishika uchumba. Mwandishi akishaona magari ya shooting yamepanga mstari Raskazone, bei inapanda, na simlaumu.

Somo la maandishi nililipia. Zamani niliwahi kupeana mkono na mwandishi wa mfululizo wa gazeti, tukanywa chai, nikaingia kuandika. Miezi minne. Skripti imekamilika ndipo nikajua kwamba karatasi aliyosaini siku anaanza kuliandikia lile gazeti ilikuwa imewapa wao kila kitu, filamu ikiwemo. Mzee wa watu hakunidanganya, alikuwa hajaisoma. Skripti ile bado iko kabatini. Tangu hapo sianzi na mwandishi, naanza na mkataba wake na mchapishaji. Natafuta sentensi moja tu: haki za filamu zimebaki kwake au zimekwenda? Na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haitambui chai: kuhamisha haki ni kwa maandishi na saini.

Mwandishi akiwa marehemu, ndipo kazi inapoanza. Hakimiliki huku hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo unashughulika na warithi. Mtoto mkubwa atakwambia "mimi ndiye msemaji wa familia". Msikilize kwa adabu, kisha muulize barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kama haipo, kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo kitafutwe, mahakama imteue msimamizi. Saini isiyo na barua hiyo, hata mkitia dole gumba kumi, haimfungi ndugu aliyeko Muheza ambaye hakuitwa.

Watu wa Tanga huniuliza sana habari za Shaaban Robert, mtoto wa nyumbani. Alifariki 1962, miaka 50 ikatimia 2012. Kwa hesabu ya hapa, alivyovichapisha enzi za uhai wake viko huru. Lakini ukitaka filamu yako ionyeshwe Marekani, kule kazi nyingi za zamani huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Kitabu kisicho na mwenyewe Tanga kinaweza kuwa naye Los Angeles.

Mtego mwingine ni tenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, pwani yetu hii, habari za akina Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi yao, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Beti zake ni za wote. Tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya J. W. T. Allen ni kazi nyingine, miaka ya hakimiliki yake inahesabiwa peke yake. Ukichukua skripti kutoka kwenye tanbihi zake ukidhani unamchukua Hemedi, umeingia shamba la mtu. Abushiri mwenyewe hana hakimiliki. Tukio la kweli halimilikiwi na mtu. Kinachomilikiwa ni namna mtu alivyolisimulia.

Yule kijana nilimwambia afungue kitabu chake ukurasa wa mwanzo, pale penye alama ya hakimiliki, anisomee mwaka na jina. Jana kanipigia. Mwaka ni 1984, jina ni la mchapishaji, na namba ya simu iliyoandikwa hapo ina tarakimu tano.