Ukiumwa na Nyuki, Acha Kusema "Tungoje Kwanza"

Swali: Mdudu hasa ni kiumbe wa namna gani?

Ni kiumbe asiye na uti wa mgongo, mwenye miguu sita na mwili uliogawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kichwani ana jozi ya vipapasio vya kunusia na kugusia. Mifupa hana, kinachomshikilia ni gamba gumu la nje. Mapafu pia hana, hewa huingia kwa vitundu vidogo vya ubavuni. Wengi wana mabawa manne, ila nzi na mbu wana mawili tu. Ukihesabu miguu ukapata minane, huyo ni buibui, kupe au nge, wa ukoo mwingine kabisa. Usidhani hili ni la darasani tu: kupe hung'olewa taratibu kwa kibano, lakini mwiba wa nyuki hutolewa haraka bila kuchagua chombo.

Swali: Mbona wengine wanatuuma na wengine hawana habari nasi?

Walio wengi hawana habari nasi. Mbu jike anauma kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae; dume anajilia utamu wa maua. Nyuki na nyigu wao wanajihami. Mwiba wao asili yake ni kiungo cha kutagia mayai, ndiyo maana madume hawana mwiba. Nitabaki na hawa wa mwiba, kwa kuwa mbu watu wanamwogopa, angalau kwa maneno. Nyuki wanamdharau.

Swali: Aliyeumwa na nyuki ana tofauti gani na aliyeumwa na nyigu?

Mwiba wa nyuki wa asali una vijino vilivyoelekea nyuma. Ukishazama kwenye ngozi ya binadamu hautoki, na nyuki akijinasua anauacha hapo, kisha anakufa. Nyigu anaondoka na mwiba wake na anaweza kukuchoma tena na tena. Tazama kwa karibu mahali nyuki alipouma: utaona kijiti cheusi kimesimama, juu yake kifuko kidogo cheupe kinachezacheza. Nyuki ameshaondoka, lakini misuli ya kile kifuko bado inasukuma sumu, na sehemu kubwa huwa imeshaingia ndani ya nusu dakika.

Swali: Niutoe vipi?

Kwa ulichonacho, sasa hivi: kucha, vidole, ukingo wa kadi. Kuna wanaobishana kama ubanwe au ukwanguliwe, na wakati wanabishana sumu inaingia. Ikiwa nyuki wengine bado wapo, ondokeni kwanza huku mkiutoa, kwani mwiba ulioachwa una harufu inayowaita wenzake. Kisha osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, na kama ni mkono, vua pete kabla kidole hakijavimba. Uvimbe wa hapo hapo, wekundu na muwasho vinaweza kukaa siku kadhaa. Hivyo havinitishi.

Kinachoniudhi ni dawa ya meno, mafuta ya taa na chale za wembe. Hapa hospitalini napokea ngozi iliyobabuka kwa mafuta ya taa na chale zilizotunga usaha, wakati maji na sabuni vingetosha.

Swali: Ni lini nikimbilie hospitali?

Mara tu mambo yanapoanza kutokea mbali na pale alipoumwa. Ameumwa mkononi, lakini midomo, kope au ulimi unavimba. Mabaka yanayowasha yanatokea mgongoni na tumboni. Sauti inakauka, koo linabana, kifua kinatoa mluzi. Anatapika, tumbo linamkata, anapata kizunguzungu, anazimia, au anasema tu kwamba hauelewi mwili wake. Huo ni mzio mkali (aleji), yaani mwili wote unaipokea sumu kwa vurugu, na mara nyingi huanza ndani ya dakika chache hadi nusu saa. Aliyeumwa mdomoni au kooni naye aje, hata kama hana mzio, maana uvimbe wa hapo unaziba njia ya hewa.

Swali: Si tungoje kwanza tuone kama hali itatulia?

Hapana. Hili ndilo swali linaloniletea wagonjwa waliochelewa. "Tulimlaza apumzike kidogo." "Tulikuwa tunamsubiri baba yake." "Tuliona kama anapata nafuu." Mzio mkali unaweza kuua kwa muda mfupi kuliko huo mliotumia kushauriana: njia ya hewa inavimba, mishipa ya damu inalegea, presha inaanguka. Msingoje uvimbe ushuke. Msingoje mwenye nyumba arudi. Mkifika hospitali tukakuta ni uvimbe wa kawaida, mtarudi nyumbani na hakuna atakayewacheka.

Swali: Tumempa vidonge vya mzio. Havitoshi?

Havitoshi. Vidonge hivyo vinapunguza muwasho na mabaka, na vinachelewa kufanya kazi. Havifungui koo lililoziba wala havipandishi presha iliyoanguka. Dawa ya hali hii ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na inapaswa kuwa ya kwanza. Nimechoka kusikia "alikuwa ameshameza dawa" kana kwamba kidonge kiliwapa ruhusa ya kukaa.

Swali: Mimi nimeumwa na nyuki tangu utotoni, sijawahi kudhurika. Bado niogope?

Kuumwa zamani ukapona hakukupi kinga ya leo. Mwaka 1902, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walieleza jambo lililowashangaza: mbwa aliyevumilia dozi ya kwanza ya sumu ya kiumbe wa baharini alidungwa dozi nyingine baada ya wiki tatu, akafa katika muda usiofika nusu saa. Mwili ulikuwa umejifunza kuitambua ile sumu, na ukaipokea kwa vurugu. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo "mimi nimezoea" si jibu. Tazama dalili za leo.

Swali: Njiani tumsaidieje?

Mlazeni, miguu iinuliwe. Akipumua kwa shida, mwacheni akae huku amenyoosha miguu. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyepoteza fahamu alazwe ubavu. Asisimamishwe ghafla na asitembezwe, hata akisema anaweza: presha ikiwa chini, kule kusimama tu kunaweza kummaliza. Asipewe chakula wala kinywaji. Kama ana sindano yake ya adrenalini, atumie papo hapo, kisha safari iendelee.

Swali: Amechomwa sindano, sasa anacheka. Turudi nyumbani?

Bado. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kuumwa tena. Tukiwaambia mkae, kaeni.

Swali: Je, akishambuliwa na kundi zima?

Akimbie, afunike uso, aingie ndani ya nyumba au gari. Asijitose majini, nyuki watamsubiri juu. Kisha aje hospitali hata kama hana mzio na anajisikia vizuri. Sumu ikiwa nyingi inavunja misuli na chembe nyekundu za damu, na mabaki yake yanaumiza figo. Mkojo wa kahawia au mweusi ni ishara mbaya, na unaweza kutokea akiwa ameshajiona mzima. Watoto na wazee wanalemewa mapema zaidi, kwa hiyo hapo tena, msingoje mkojo ubadilike rangi.

Swali: Nikishapona mzio mkali, inaishia hapo?

Haiishii hapo. Omba rufaa kwa daktari wa mzio. Anaweza kukuandikia sindano ya adrenalini ya kutembea nayo, nawe utembee nayo kweli, isilale kabatini. Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili sumu ya nyuki au nyigu kwa dozi ndogo zinazopandishwa taratibu. Huchukua miaka 3 hadi 5, na inawakinga wengi wanaoimaliza.