Kobe kwenye dashibodi: hesabu ya gari la umeme kati ya Moshi na Arusha

"Fundi, gari limeniwekea picha ya kobe na sasa halitaki kupanda."

Mzee aliyenipigia simu alikuwa Tengeru, karibu na Arusha, pembeni ya barabara kuu, pamoja na mkewe na wajukuu wawili. Walitoka Kiborloni, Moshi, asubuhi betri ikiwa imejaa. Gari lenyewe ni Nissan Leaf za mwanzo, zile za betri ya uniti 24, aliloliagiza Japani baada ya kijana wake kumwambia kwamba sheli ataipita akiipungia mkono tu. Mimi nafundisha umeme wa magari katika chuo kimoja hapa Arusha, na simu kama hii si ya kwanza. Nikamwuliza: "Mzee, kulia kwa dashibodi kuna vijiti vidogo vimepangana. Viko vingapi?" Akahesabu. Saba.

Leaf ya aina hiyo ikiwa mpya huwa na vijiti 12, na vijiti hivyo havionyeshi chaji iliyobaki, vinaonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata huondoka na asilimia 6 hivi. Vikibaki saba, una asilimia 60 tu ya betri iliyotoka kiwandani. Kwa Leaf ile, ambayo hata ikiwa mpya hukuachia utumie uniti 21 hivi kati ya zile 24, mzee alikuwa na uniti 12 na nusu. Uniti hizi ni zile zile unazonunua kwa LUKU, mita ya umeme ya malipo ya kabla.

Sasa njia. Moshi mpaka Arusha ni kilometa 80. Gari dogo la umeme kwenye lami hula kama uniti 15 kwa kilometa 100, kwa hiyo kwenye tambarare safari ile ingemtaka uniti 12. Lakini Moshi iko chini na Arusha iko juu, tofauti ya mita 550 hivi. Kuinua gari pamoja na watu wake, jumla kilo 1,700, kwa kimo hicho kunataka uniti mbili na nusu za ziada. Jumla 14 na nusu. Alikuwa nazo 12 na nusu. Kobe hakumwonea, ni alama ya Leaf ya kusema betri imefika mwisho na nguvu inapunguzwa. Kurudi Moshi gari lile lile lingefika, maana kwenye mteremko mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu kisa chake hutumiwa vijiweni kuthibitisha kwamba magari ya umeme ni uongo. Si uongo. Alinunua betri kuukuu kwa safari isiyo yake. Angekuwa anazunguka Kiborloni, Stendi Kuu, Majengo na Soweto, angekuwa anakula raha hadi leo.

Tuje kwenye fedha. Bei ya petroli hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, kwa hiyo tuweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, wewe utaweka ya mwezi wako. Toyota IST yenye injini nzima, kwenye foleni ya Mnara wa Saa na matuta ya Njiro, huenda kilometa 12 kwa lita. Kilometa 100 ni shilingi 25,000. Gari la umeme la ukubwa huo, ukipima kwenye soketi ya ukutani na siyo kwenye dashibodi (maana wakati wa kuchaji umeme kidogo hupotea kama joto), linataka uniti 17 kwa kilometa 100. Kwa tarifu ya matumizi ya kawaida, T1, uniti moja ni shilingi 292, na ukiweka VAT na tozo nyingine inafika 356. Mara 17, ni kama shilingi 6,050.

Kwa hiyo kila kilometa 100 unabakiwa na karibu shilingi 19,000. Anayeenda kilometa 1,000 kwa mwezi anaokoa 190,000. Dereva teksi wa kilometa 3,000 kwa mwezi anaokoa 570,000.

Hapo kuna mtego mdogo wa LUKU ambao watu hawauoni mpaka umewanasa. Kaya nyingi ziko kwenye tarifu ya D1, ya matumizi madogo, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Gari la kilometa 1,000 linataka uniti 170 peke yake. Uniti zinazozidi 75 hutozwa 350 kabla ya kodi, na matumizi yakiendelea hivyo utahamishiwa T1, ambako hata taa, pasi na friji yako vitalipiwa bei ya juu. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa shilingi 7,300 itajikuta inalipa zaidi ya 21,000 kwa uniti zile zile. Nyongeza ya 14,000 haifuti akiba ya 190,000, lakini mama mwenye nyumba akiuliza kwa nini umeme umepanda, ujue jibu. Kama umepanga na mita ni ya wapangaji wote, zungumza na wenzako kabla gari halijaingia getini.

Kisha bei ya kununulia. Gari la umeme lenye betri nzuri huwa ghali kuliko la petroli la umri huo. Tuseme limezidi kwa milioni 10. Mwenye kilometa 1,000 kwa mwezi huokoa milioni 2 na laki tatu hivi kwa mwaka, kwa hiyo tofauti ile ataifidia kwa miaka minne na miezi kadhaa. Mwenye teksi ataifidia kwa mwaka mmoja na nusu. Na yule ambaye gari linalala uani wiki nzima, Jumamosi linapelekwa sokoni na Jumapili kanisani, kilometa 200 kwa mwezi? Zaidi ya miaka 20. Betri yenyewe itakuwa imezeeka kabla hajaiona faida. Huyu namwambia wazi abaki na IST yake, aitunze, abadilishe oili kwa wakati na kujaza upepo tairi.

Kwenye gereji tofauti ni kubwa pia, ingawa si kama wauzaji wanavyosema. Hakuna oili ya injini, plagi, klachi wala gasketi ya kuungua. Breki pedi hudumu kwa sababu mota inasaidia kupunguza mwendo. Lakini bushi, shokapu na boljointi za barabara zetu hazijui kama gari ni la umeme, na tairi huisha haraka kidogo kwa sababu betri ni nzito. Tatizo kubwa ni fundi. Betri ya Leaf ina volti zinazokaribia 400, na hizo hazichezewi chini ya mwembe na bisibisi ya mpini uliopasuka.

Kuhusu mazingira, swali ninaloulizwa katika kila semina ni hili: "Umeme wetu si unatoka kwenye gesi? Sasa si moshi ule ule, umehamishiwa Dar es Salaam?" Ni swali zuri. Tulijibu kwa kuchukua hali mbaya kabisa, kwamba kila uniti inatoka kwenye mtambo wa gesi asilia. Uniti ya namna hiyo hutoa kama nusu kilo ya hewa ukaa. Tuongeze pia umeme unaopotea kwenye nyaya ndefu mpaka kutufikia, ili gari lihesabiwe uniti 20 badala ya 17 kwa kilometa 100. Ni kilo 10. Petroli hutoa kilo 2.3 kwa kila lita inayoungua, kwa hiyo lita zile nane na kidogo za IST ni kilo 19, na hapo sijagusa meli iliyoyaleta mafuta wala malori yanayoyapandisha kutoka bandarini. Hata katika hali mbaya kabisa ni nusu. Sababu ni injini: sehemu kubwa ya nguvu ya petroli huishia kwenye radieta na ekzosi kama joto, robo hivi tu ndiyo inayosukuma gari. Mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya inachopewa.

Na hali yetu si mbaya kiasi hicho. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Kaskazini tuko mbali nalo, na umbali huo una gharama. Ndiyo maana Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda yetu. Umeme wa Ethiopia nao ni wa maji kwa sehemu kubwa.

Deni lililofichika liko kwenye kutengeneza betri. Kila uniti moja ya ukubwa wa betri huzalisha kiwandani kati ya kilo 60 na 100 za hewa ukaa. Betri ya uniti 40 inazaliwa na deni la kilo 2,400 hadi 4,000. Kama kila kilometa 100 zinakuokolea kilo tisa, utalilipa baada ya kilometa 27,000 hadi 44,000. Teksi inalimaliza deni hilo mapema kuliko mwaka mmoja na robo. Gari la kilometa 200 kwa mwezi linahitaji miaka 11 hadi 18. Unaona watu ni wale wale: asiyefaidika mfukoni ndiye asiyeyafaidisha mazingira. Ningekuwa na fedha ya ruzuku mkononi nisingempa mwenye gari la tatu pale Njiro, ningewapa madereva wa bajaji na bodaboda, ambao hawapumzishi injini kuanzia alfajiri na moshi wao tunauvuta sote pale soko la Kilombero.

Magari ya watalii ni habari nyingine. Land Cruiser ya dizeli kwenye hifadhi hutembea polepole, husimama, huwashwa tena, kazi ambayo injini ya dizeli haiipendi na mota inaifurahia. Kampuni za hapa Arusha zilianza kubadilisha Land Cruiser kuwa za umeme tangu 2018, zikichajiwa kwa sola kambini. Faida ambayo wageni huisifu kwanza ni ukimya, gari linasogea karibu na tembo bila ngurumo. Tena kwenye miinuko, injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mota haivuti hewa, haijali.

Ukiamua kununua lililotumika, usitume fedha kabla ya kuona picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vijiti vikihesabika. Chini ya tisa, mimi binafsi nisingenunua, labda bei iwe ya kutupa na safari zako ziwe za mjini tu. Uliza mwaka pia: gari la miaka minane na zaidi hutozwa ushuru wa uchakavu. Leaf za kizazi cha kwanza na cha pili hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto huizeesha, kwa hiyo wa Moshi aegeshe kivulini kuanzia Januari hadi Machi. Wa Arusha ana nafuu ya baridi.

Soketi ya kuchajia iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye mein switchi, na arthi iliyopimwa, siyo chuma kilichochomekwa udongoni kwa mazoea. Gari huvuta ampea 10 kwa saa tisa au kumi mfululizo, kazi ambayo hata pasi haiwahi kuifanya. Eksitensheni ya kuungaunga itayeyuka mkiwa mmelala. Na angalia salio la LUKU kabla ya kuchomeka, uniti zikiisha saa saba usiku utaamka na nusu betri.

Linabaki la kupanda nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi, maana Wachagga wa Dar es Salaam wameshaniuliza. Ni zaidi ya kilometa 500, na betri ya uniti 40 yenye afya inakupeleka 200 na kidogo. Kwa Leaf kuukuu, panda basi. Yule mzee wa Kiborloni tulimvuta hadi kwa jamaa yake pale Tengeru, tukachomeka gari ukutani, akala mchana taratibu, na saa kumi jioni akashuka Moshi akiwa na kijiti cha chaji kilichobaki.