Je, wajua kwa nini kufuta jina hakufuti kitu kwenye kumbukumbu?

Andika katika lugha ya programu ya Python `a = [1, 2, 3]`, kisha `b = a`, kisha `del a`. Chapisha `b`: orodha ipo palepale, nzima. Kilichofutwa ni jina tu. Jina si sanduku lenye orodha ndani. Ni rejea, kamba iliyofungwa kwenye orodha. `b = a` haikunakili chochote, iliongeza kamba ya pili. Ndiyo maana kabla ya kufuta `a`, ukiandika `b.append(4)`, hiyo 4 utaikuta kwenye `a` pia. Wengi hukesha wakitafuta kosa hili.

CPython, ambayo ndiyo Python ya wengi, huhesabu kamba za kila kitu. Hesabu ikifika 0, kitu huondolewa papo hapo. Njia hii ilielezwa na George Collins mwaka 1960, na inashindwa mahali pamoja: mzunguko. Jaribu `a = []`, `a.append(a)`, `del a`. Orodha imejishika yenyewe, hesabu imegoma kwenye 1, na hakuna tena njia ya kuifikia. Kwa hiyo yupo mzoataka (garbage collector, sehemu inayoondoa vitu visivyofikika tena) wa ziada anayesaka mizunguko, `gc.collect()` humtuma wakati huohuo.

Java na JavaScript hufuata njia nyingine, ambayo John McCarthy aliieleza mwaka huohuo wa 1960 kwa ajili ya lugha ya programu ya Lisp. Mzoataka huanzia kwenye mizizi, yaani vigeu vya programu nzima na vya funsheni zinazoendelea, akifuata rejea moja hadi nyingine. Asichokifikia ni taka, hata kikiwa kwenye mzunguko. Lakini saa ya kuzoa huichagui wewe: `System.gc()` ya Java ni ombi tu.

Hapa ndipo kumbukumbu huvuja. Mzoataka hajui kama bado unakihitaji kitu. Anajua kama kinafikika. Kamusi (dict) ya programu nzima unamoweka majibu ili usiyakokotoe tena itashikilia kila jibu mpaka programu ifungwe. Iwekee kikomo: kwa funsheni, `functools.lru_cache(maxsize=128)` hutupa majibu yaliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Au tumia `weakref.WeakValueDictionary`, ambayo rejea zake hazihesabiwi. Tahadhari: ukiiwekea orodha au kamusi ya kawaida kama thamani utapata `TypeError`; vitu vya klasi uliyoiandika mwenyewe kwa kawaida hukubalika.