Uvimbe wa shina la ubongo kwa watoto wakubwa: dhana na ukweli

“Uvimbe ukishakaa kwenye shina la ubongo, mtoto hana siku nyingi.”
Inategemea ni uvimbe gani na umekaa wapi. Unaotisha zaidi, DIPG (kwa Kiingereza, diffuse intrinsic pontine glioma), hujipenyeza katikati ya neva za ponsi, sehemu ya kati ya shina la ubongo, na hautolewi kwa upasuaji. Takriban nusu ya wanaoupata hufariki kabla ya mwaka kutimia tangu kugunduliwa. Lakini uvimbe wa tektamu, juu nyuma ya shina, kwa kawaida hukua polepole mno. Shida yake kubwa ni kuziba njia ya maji ya ubongo. Njia ikifunguliwa, mtoto anaweza kuishi miaka mingi akifuatiliwa kwa picha za MRI. Kuwapa wazazi wa mtoto mwenye DIPG na wa mwenye uvimbe wa tektamu jibu moja ni kuwaonea.

“Dalili zimekaa muda mrefu, basi tumechelewa.”
Hakuna dhana inayowatesa wazazi kama hii, na mara nyingi ukweli ni kinyume chake. DIPG kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki chache: jicho linakengeuka kuelekea puani, mtoto anaona vitu viwili viwili, uso unapinda, anapepesuka akitembea. Mtoto wa miaka 12 aliyeanza kupepesuka kidogo kidogo tangu mwaka jana huenda ana uvimbe wa aina ya polepole. Hata kwenye DIPG yenyewe, wanaoishi zaidi ya miaka 2 tangu kugunduliwa, takriban 1 kati ya 10, aghalabu ni wale ambao dalili zao zilidumu zaidi kabla ya kugunduliwa. Hiyo si ruhusa ya kusubiri: makengeza yakimtokea mtoto ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

“Umri hauna uzito.”
Unao. Takwimu za rejesta za kimataifa za DIPG zilizochapishwa 2018 zilionyesha kuwa waliogunduliwa wakiwa chini ya miaka 3 au zaidi ya 10 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi muda mrefu. Badiliko la jeni nalo lina uzito: wenye badiliko la aina ya H3.1 kwenye seli za uvimbe huishi zaidi kuliko wenye aina ya H3.3. Hilo hujulikana kwa kukata kinyama kidogo cha uvimbe na kukipima.

“Amepata nafuu baada ya mionzi, kwa hiyo amepona.”
Baada ya wiki 6 hivi za mionzi, watoto wengi wenye DIPG hutembea vizuri tena. Kwa kawaida uvimbe hurudi baada ya miezi. Familia iambiwe mapema, kwa upole, na tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso) ianze sambamba na mionzi, mtoto akiwa bado anaweza kusema mwenyewe anachotaka.